Kuishi Kigwena: ziwa, msitu na ujirani

Makala haya yanakuhusu ikiwa umerudi Burundi kutoka Tanzania na familia yako ina asili ya ukanda wa Rumonge, ikiwa umevuka ziwa kutoka Fizi, Baraka au Uvira, au ikiwa wewe ni mwenyeji wa Kigwena unayepokea majirani wapya. Tumekusanya mambo ambayo mtu huulizwa au hujiuliza katika miezi ya kwanza: njia, maji, samaki, kuni, mawese, mashamba, na namna ya kujulikana mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake.

Kigwena iko kusini mwa mji wa Rumonge, kwenye barabara ya taifa namba 3 (RN3) inayotoka Bujumbura kuelekea Nyanza-Lac. Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni kilomita kama 75, barabara ikifuata ziwa karibu mwendo wote. Ukipita Rumonge utaona michikichi pande zote mbili, kisha ghafla miti mirefu yenye giza chini yake. Huo ndio msitu wa Kigwena. Upande wa magharibi kuna mchanga na maji ya Tanganyika, na siku ambayo hewa ni safi utaiona milima ya Congo ng'ambo.

Sehemu kubwa ya maisha ya hapa iko nje ya nyumba. Samaki huanikwa nje, mpira huchezwa mchangani, habari hupatikana mwaloni na chini ya miti. Hilo lina faida kwa mgeni, kwa sababu huna haja ya kualikwa ndani ya nyumba ya mtu ili uanze kufahamiana naye. Lina ugumu wake pia. Unachokifanya kinaonekana, na kila sehemu ya wazi, hata ikionekana haina mwenyewe, ina kanuni zake.

Jina la mkoa kwenye karatasi zako

Jambo hili huwachanganya wengi, kwa hiyo tulimalize mapema. Waliokimbia mwaka 1972 waliondoka katika mkoa wa Bururi. Mwaka 2015 uliundwa mkoa wa Rumonge. Katika mpango mpya wa utawala ulioanza kutumika mwaka 2025, mikoa 18 ya nchi imekuwa 5, na Rumonge sasa iko katika mkoa wa Burunga. Kolini ni ileile. Babu anaweza kuwa na karatasi iliyoandikwa Bururi, mwanawe akawa na iliyoandikwa Rumonge, na mjukuu akaandikiwa Burunga, na wote watatu wametoka sehemu moja. Usitupe karatasi ya zamani kwa kudhani haina kazi tena. Katika mambo ya ardhi, hiyo ya zamani ndiyo huwa na thamani zaidi.

Watu wa hapa wametoka wapi

Ukanda huu umeondokewa na watu na kupokea watu mara nyingi kuliko sehemu nyingi za Burundi. Machafuko ya mwaka 1972 yalianzia huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwemo, mwishoni mwa Aprili, na mauaji yaliyofuata yakaenea nchi nzima. Maelfu ya watu wa pwani walivuka kwenda Tanzania na Congo. Wengi waliishia Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambako watoto na wajukuu wao walizaliwa. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 162,000 kati yao, lakini wengine walikuwa wamechagua kurudi, hasa kuanzia mwaka 2008. Kisha kuna waliokimbia vita iliyoanza mwaka 1993, na waliokimbia mwaka 2015. Wengi wa hao wa mwisho walipita Kagunga na kuchukuliwa na meli ya MV Liemba hadi Kigoma, kabla ya kupelekwa Nyarugusu na kambi nyingine.

Njia ya ziwa haiendi upande mmoja tu. Mwishoni mwa Januari 2018 maelfu ya Wakongomani walikimbia mapigano ya Fizi kwa mitumbwi na kushukia Rumonge na Nyanza-Lac katika siku chache. Wenyeji waliowapokea mchangani walikuwemo ambao wenyewe waliwahi kuwa wakimbizi. Kwa hiyo ukikaa na wazee wa Kigwena, usishangae kusikia Kiswahili cha Tabora, cha Kigoma na cha Baraka katika kikao kimoja. Kirundi ndiyo lugha ya nyumbani kwa wengi, lakini Kiswahili kitakufikisha sokoni, mwaloni, msikitini na kwenye zahanati.

Ziwa na kalenda ya mwezi

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, na kina chake kinafika mita 1,470. Linagawanywa na nchi nne: Burundi, Congo, Tanzania na Zambia. Sehemu ya Burundi ni kama asilimia 8 tu, na ndani ya sehemu hiyo ndogo wavuvi ni wengi.

Samaki watatu utawasikia kila siku. Ndagala ndiye dagaa, mdogo, wa fedha, anayevuliwa usiku kwa taa. Mukeke ni mnene kidogo, na kwa wengi wa pwani hii hakuna samaki anayemshinda akichomwa. Sangala ni mkubwa, na mara nyingi huenda mjini kwa wenye pesa.

Uvuvi wa ndagala hutegemea giza. Mitumbwi huenda usiku, huwasha taa juu ya maji, samaki wakafuata mwanga, kisha wavu ukainuliwa kutoka chini. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauwavuti samaki tena kwa sababu maji yote yanang'aa, na wavuvi hubaki nchi kavu. Ndiyo maana mgeni anayetaka kuelewa Kigwena afuate mwezi kabla ya kalenda ya ukutani. Siku za giza, wanaume wengi hulala mchana, mwaloni kuna watu alfajiri, na pesa inazunguka. Siku za mwezi mpevu nyavu hushonwa, mitumbwi hutengenezwa, na watu wana nafasi ya kukaa na kuongea. Ukiwa na jambo la kuzungumza na jirani mvuvi, hasa jambo zito kama mpaka wa shamba, subiri siku hizo. Kumgongea mtu saa nne asubuhi baada ya usiku mzima majini si mwanzo mzuri.

Kazi ya mwaloni si ya wavuvi peke yao. Wanawake hununua mzigo asubuhi, huuanika na kuuuza. Ndagala walioanikwa juu ya mchanga hushika vumbi, na mvua ikinyesha huharibika kwa saa chache. Vichanja vya waya, ambavyo FAO ilisaidia kuvieneza katika mialo ya Burundi, huwaweka samaki juu ya ardhi, hewa ikapita chini, wakakauka haraka na kuuzwa kwa bei nzuri zaidi. Ikiwa unaanza biashara na mtaji mdogo, anza kwa kuomba sehemu ya kichanja cha mwenzako kabla ya kufikiria kujenga chako. Nafasi mwaloni zina wenyewe hata pale ambapo hakuna alama yoyote, na anayeanika bila kuuliza hugombana siku ya kwanza.

Kama unataka kuvua, mtumbwi lazima uandikishwe, na askari wa majini hupiga doria. Usivue kwa chandarua cha mbu. Kinazoa hata vifaranga, na msimu unaofuata watu wote wa mwalo watalipa. Waliotoka Kigoma watakumbuka kwamba mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kabla ya kununua nyavu, uliza kwa viongozi wa mwalo ni vipindi gani na nyavu gani zinazoruhusiwa mwaka huu upande wa Burundi.

Kuogelea na kucheza ufukweni

Mchanga wa Kigwena ni mzuri, na Jumapili vijana hujaa. Mpira wa mchangani, kuogelea, kupiga kasia kwa mashindano: hakuna kiingilio, na mtoto aliyefika jana kutoka kambini anaweza kuingia timu leo. Kwa maoni yetu, uwanja huu wa mchanga huunganisha watoto wa waliorejea na wa wenyeji haraka kuliko mikutano tunayoitisha sisi watu wa mashirika.

Lakini maji haya si bwawa la kuogelea. Mamba na viboko wapo. Kila mtu hapa amesikia habari za Gustave, mamba mkubwa aliyeogopwa kuanzia mlango wa mto Rusizi hadi pwani ya Rumonge. Huhitaji kuwa na Gustave ili kupoteza mtoto. Mamba wa kawaida anatosha. Kaa mbali na midomo ya mito na penye matete. Usiingie majini wala usifue nguo alfajiri au magharibi. Kiboko hutoka usiku kula majani na hurudi alfajiri. Ukimkuta nchi kavu, usisimame kati yake na maji, kwa sababu atapita hapohapo ulipo.

Upepo nao unaua, na unasahaulika zaidi. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na mawimbi huwa makubwa hata jua likiwa linawaka. Watoto waliokulia kambini mbali na ziwa hawajui kuogelea, na huona aibu kusema hivyo mbele ya wenzao. Mzazi, usingoje mtoto akuambie. Mtafutie mkubwa anayejua maji, ajifunzie pasipo na kina, mchana, watu wakiwepo.

Kuhusu afya: kichocho hupatikana kwenye maji yaliyotulia yenye majani, ambako konokono huishi. Mtoto akikojoa damu au akiwa na damu kwenye choo, mpeleke zahanati, dawa ipo na inaponya. Kipindupindu kimerudi mara kwa mara katika ukanda wa Rumonge, na maji ya ziwa, hata yakionekana meupe kama kioo, si ya kunywa. Yachemshe au tia dawa. Mtu akiharisha maji matupu mfululizo, mpe maji ya chumvi na sukari ya zahanati (ORS) ukiwa njiani kumpeleka. Usisubiri kesho.

Usijenge karibu na maji

Kuna viwanja vya bei rahisi sana karibu na ufukwe, na kuna sababu ya urahisi huo. Sheria ya maji ya Burundi inaweka ukanda wa mita 150 kutoka ziwani ambao hauruhusiwi kujengwa. Anayekuuzia kiwanja humo anakuuzia kitu ambacho si chake kuuza. Tena, ziwa lenyewe limekuwa likipanda. Mwaka 2024 lilifika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, likaingia katika nyumba, barabara na mashamba huko Gatumba na sehemu za Rumonge. Wazee hukumbuka kwamba maji yalipanda hivyo pia katika miaka ya 1960, kisha yakashuka. Yakishuka, utaona tena watu wakipima viwanja mchangani. Usiwe miongoni mwao.

Msitu

Msitu wa Kigwena ni hifadhi ya taifa ya asili, mdogo, kama hekta 500, na ni moja ya mabaki machache ya msitu wa ukanda wa chini uliowahi kufunika pwani hii. Unasimamiwa na OBPE, ofisi ya serikali ya kulinda mazingira. Ndani kuna miti mirefu, nyani, kima na ndege wengi. Unaweza kutembea humo. Pita kwanza kwa walinzi, uliza ada na uombe wa kukuongoza. Shule zinazopeleka wanafunzi zifanye hivyo mapema. Ni matembezi ya nusu siku ambayo mtoto hatayasahau, na kwa watu waliozoea kuuona msitu kama mahali pa kujificha, kuingia humo kwa hiari na mchana kuna maana yake.

Ugomvi wa msitu huanza na kuni. Familia mpya inahitaji kupika, msitu uko karibu, soko la mkaa ni ghali. Kukata mti ndani ya hifadhi ni kosa, na akikamatwa mmoja aliyerejea, lawama huwapata wote waliorejea. Tumia makuti makavu na maganda ya michikichi, ambayo wenye mashamba mara nyingi huyatoa bure au kwa bei ndogo ukiomba. Wenyeji nao wanajua kwamba msitu haukuliwa na wageni peke yao. Mashamba yaliyouzunguka na kuumega ni ya miaka mingi.

Nyani hutoka msituni na kula mahindi. Lindeni kwa zamu, majirani kwa pamoja. Anayelima kwenye ukingo wa msitu peke yake havuni.

Mawese

Rumonge ndiyo nchi ya mawese ya Burundi. Kazi ya kuchuma, kubeba na kukamua hutoa vibarua kwa mtu asiye na shamba. Kubalianeni malipo kabla ya kupanda mti, tena mbele ya mtu wa tatu, na mseme wazi kama ni pesa au mafuta.

Namna ya kujulikana

Siku ya kwanza au ya pili, jitambulishe kwa nyumbakumi, kisha kwa shefu wa kolini. Kolini ina baraza la watu 5 waliochaguliwa, na shefu ni mmoja wao. Pia kuna bashingantahe, wazee ambao neno lao lina uzito hata pale wasipokuwa na cheo. Ukipokea mgeni wa kulala, toa taarifa. Wakongomani wengi huona jambo hili kama kufuatiliwa. Hapa ni kawaida kwa kila nyumba, na asiyetoa taarifa ndiye huangaliwa.

Jumamosi asubuhi kuna kazi za maendeleo za pamoja: kusafisha mifereji, kutengeneza njia, kufyatua matofali ya shule. Nenda, hata kama umechoka. Saa mbili za jembe zitakupa majina ya watu ishirini, na siku utakapohitaji shahidi, watakuwa wale waliokuona pale.

Salimia kwanza, sema shida baadaye. "Amahoro" kwa kila unayekutana naye njiani, na kwa mkubwa simama. Kwa watu wa hapa, anayepita kimya ana jambo moyoni. Msiba ukitokea, nenda, awe Mwislamu au Mkristo. Harusi unaweza kuikosa.

Ardhi

Hili ndilo lililo gumu kuliko yote, na hakuna ujirani utakaolifuta.

Baada ya mwaka 1972 mashamba ya waliokimbia yaligawiwa wengine, mengine yakaingia katika miradi ya michikichi ya serikali. Aliyeko shambani leo mara nyingi hakumnyang'anya mtu kwa mkono wake. Aliwekwa pale, au alinunua, au alizaliwa pale. Na aliyerudi naye hasemi uongo anapoonyesha mwembe uliopandwa na babu yake. Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000 ulisema wakimbizi wanaorejea warudishiwe mali zao au wafidiwe. Tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, ilianza kazi mwaka 2006. Kwanza ilihimiza kugawana, kisha kuanzia mwaka 2011 ikaelekea kurudisha shamba lote kwa aliyekimbia, na hasira zikapanda upande wa pili. Muda wa tume hiyo umekwisha. Yeyote anayekuomba pesa leo kwa jina la CNTB anakudanganya.

Ukifika na unajua shamba la familia yako liko wapi, usiende kukata mti wala kuweka alama. Nenda kwa shefu wa kolini na bashingantahe, eleza, na uombe kikao ambacho aliyeko shambani ataitwa kwa heshima. Njoo na wazee wanaokumbuka mipaka. Mto, jiwe, mti na jina la jirani wa zamani ni ushahidi. Mkikubaliana kugawana, andikeni: mipaka, tarehe, majina, mashahidi wa pande zote mbili. Kisha mpeleke karatasi hiyo kwenye ofisi ya ardhi ya komini, ambayo kwa sheria ya ardhi ya mwaka 2011 inaweza kutoa hati. Msipokubaliana, njia inayobaki ni mahakama, na ni ndefu.

Wanawake wazingatie jambo moja zaidi. Burundi haina sheria ya urithi inayompa binti haki sawa na kaka yake, mila ndiyo hutumika. Mjane au binti aliyerudi bila kaka anaweza kuambiwa hana la kudai. Omba jina lako liandikwe kwenye makubaliano tangu mwanzo. Hati inaweza kuwa na jina la mke na mume. Likishaandikwa la mume peke yake, kulibadilisha baada ya kifo chake ni vita.

Kwa wasio na pa kurudi, serikali na mashirika walijenga vijiji vya pamoja, kama Mutambara hapo Rumonge. Nyumba zipo, lakini mashamba ni madogo au mbali, na wengi hupanga ardhi kwa msimu. Andika na hilo pia: bei, miezi, na nani atavuna kilichobaki shambani muda ukiisha.

Ikiwa umevuka kutoka Congo

Usikae kwa ndugu mwaloni bila kujiandikisha. Nenda kwa viongozi wa kolini, nao watakuelekeza kwa ONPRA, ofisi ya serikali ya wakimbizi, inayofanya kazi pamoja na HCR. Bila karatasi hiyo, doria ya kwanza barabarani itakuwa tatizo. Ukiwa umepelekwa kambini na unataka kuja Kigwena kumwona ndugu au kununua ndagala, omba kwanza ruhusa ya kutoka, na uangalie tarehe ya kurudi iliyoandikwa humo. Mwenyeji unayempokea, peleka ruhusa hiyo kwa nyumbakumi jioni ileile aliyofika.